Ugumu wa Ardhi

Mchikichi wa Simbo una mikungu ya ngazi
lakini hauna ngazi.
Una kamba, kiuno, panga, na Bukuru.

Agosti, kamba ilichoka.
Mita saba. Nilipima baadaye kwa tepu ya fundi cherehani,
nikiihamisha shinani kwenda juu mara tano kasoro.
Sekunde moja nukta mbili hewani:
unaanza kusema mama yangu wee
na hufiki kwenye wee.

Tangu hapo nakaa na daftari.
Fuvu nimeliandika kuwa tungamo.
Ubongo, tungamo la pili, ndani, ukielea majini.
Kati yao springi na shokomzoba
kama ile ya pikipiki ya Ruhaza, inayolia kila shimo la njia ya Ujiji.
Fuvu likishasimama, ubongo bado uko safarini.
Yote yamo katika kuchelewa huko,
sehemu chache za elfu ya sekunde.
Mchapuko ukipanda, madhara hayapandi nao bega kwa bega,
yanapanda kwa kipeo cha mbili na nusu,
kama deni la mtu asiyesoma alichotia sahihi.

Ukubwa wa kichwa chake sikuujua.
Nikazamisha changu katika ndoo iliyojaa pomoni,
nikapima maji yaliyomwagika.
Sisi ni pacha. Mimi Butoyi, nilimfuata kwa robo saa.
Lita nne na vikombe viwili vya chai.
Mama alikuwa mlangoni:
"Hesabu hiyo itamrudisha juu?"
Sikumjibu. Nilikuwa na maji masikioni.

Kuna namba moja ninayoichezea usiku: ugumu wa ardhi.
Agosti udongo ni tofali.
Nikiweka Machi, udongo wa mvua, laini kama ugali wa muhogo,
mlingano unapoa,
na Bukuru anainuka, anajipangusa magoti,
anaitukana kamba, anauliza panga limeangukia wapi.
Nimemwinua hivyo mara arobaini na moja.

Asubuhi nampelekea uji.
Daftarini sisi ni x moja na x mbili,
herufi ile ile, tofauti ni kijitarakimu mguuni.
Ananitazama sana.
Ananiita Bukuru.
Naitika.
Jina hilo likiitwa ndani ya nyumba hii
lazima mtu aitike.