Hesabu ya Moris

Miaka thelathini na mmoja nimefundisha kujumlisha na kutoa,
na usiku ule, umeme umekatika Chake nzima,
nilichora daftarini safu tatu:
kuweka, kuuza, kuongeza.
Kalamu ikagoma
kama punda aliyeona daraja.

Liko uani, limefunikwa jamvi la kuanikia karafuu.
Msellem alilinunua kwa mavuno ya mwaka
ambao watu bado wanauhesabia umri wa watoto wao.
Mama mkwe alilifukiza ubani, magurudumu yote manne,
na la tano, la akiba,
lisije likaona wivu.

Chumvi haisahau bati.
Kutu imeanzia chini, upande wa kushoto,
pale anapoweka miguu asiyeendesha,
yaani mimi,
nikishika tochi, nikishika bisibisi,
nikijua kabureta inapokohoa kwa vumbi
na inapokohoa kwa deko.
Usukani sikupewa, ila wa kuliingiza uani,
naye akitembea kando, mkono dirishani,
"Taratibu, Raya. Taratibu."

Bwana mmoja wa hoteli, Nungwi, anapiga simu kila Ijumaa.
Atalipaka rangi ya waridi, alisimamishe langoni,
kwenye boneti apande asumini.
Injini haitaki. Injini, anasema, naweza kubaki nayo.
Bei yake ni bati jipya la nyumba
na ada ya Sabra chuoni mpaka amalize.
Sitanii: nililia kwa bei ile.

Naye Faki, mtoto wa kaka, fundi wa maneno na wa breki:
"Shangazi, Wete kuna pacha wake, la Mzee Khatib.
Bodi imeoza, gia nzima.
Linunue, tulichinje, tulitie hili."
Nikamwambia, ng'ombe wawili
kwa mtu asiye na majani?

Lakini alfajiri nilivua jamvi.
Hendeli mara tatu, kimya; ya nne likaitika.
Leseni ninayo. Niliichukua Unguja, likizo moja, bila kumwambia mtu,
nikailaza kabatini chini ya vyeti.
Nikashika njia ya kale, ya Ziwani,
gia ya pili ikinung'unika kama wifi,
watoto wakikimbia pembeni, "Bibi! Bibi! Moshi!"
Simu ikalia mkobani. Ilikuwa Ijumaa.
Kilima hakisubiri; simu husubiri.

Mzee Khatib alikuwa mlangoni na kikoi chake.
Hakunitazama mimi. Alitega sikio kwenye boneti,
kama daktari, kama mwizi.
"Unauza?"
"Nimekuja kununua."
"Mimi nilikuwa nakuja kwako Jumatatu," akasema.
"Kulichinja lako."
Tukatazamana
kama nyumba mbili zilizopelekeana posa siku moja.

Ikaja haluwa, ikaja kahawa.
Aliniuliza, Msellem alikuwa akitia oili gani.
Nilimjibu kwa jina, kwa kipimo, kwa mwezi.
Akanyamaza kidogo, kisha akaenda kufungua boneti la lake,
nami nikavua baibui, nikakunja mikono ya gauni.

Nimerudi usiku na taa yake moja ya mbele,
badala ya yangu iliyopofuka.
Yeye kabaki na gurudumu langu la akiba,
lile la tano, lililofukizwa.
Njia nzima bila akiba, na taa zisizolingana,
moja nyeupe, moja ya manjano kama kiini cha yai,
na kila shimo la barabara nikilisemesha
kwa sauti yangu mwenyewe: taratibu.

Bwana wa hoteli bado sijampigia.
Faki ameuliza, nimemwambia, ngoja.
Safu zote tatu bado tupu.
Chini yake nimeandika kwa wino,
mwandiko wa ubaoni:
kiti cha dereva kivutwe mbele
inchi mbili. Miguu yangu
mifupi kuliko yake.