Kuvuka, na Kuvuka Tena

Sheria inasema: mwenye miguu akiwa kwenye pundamilia,
gari litasimama.
Haisemi avuke mara ngapi.
Jambo hilo aliligundua Bogumiła wa duka la mikate
katika kijitabu cha mwanawe cha mtihani wa leseni,
huku akingoja unga uumuke.

Basi Ijumaa, saa tisa na nusu, jua la Desemba likiaga,
tulitoka watu kumi na wanane
na mbwa mmoja ambaye hakualikwa.
Tukavuka barabara kuu, toka kanisani hadi upande wa shule.
Tukageuka.
Tukavuka.
Tukageuka.

Malori yakajipanga hadi darajani,
ya Kilithuania, ya Kijerumani, na moja la nguruwe
waliolalama kwa niaba ya dereva wao.
Mtu akatutukania mama zetu.
Mama zetu walikuwepo; wakampungia mkono.

Mimi si mtu wa maandamano. Mimi ni fundi cherehani.
Wiki nzima nilikuwa nikikata vitambaa ving'aavyo
kutoka kwenye makoti makuukuu ya zimamoto,
nikivishona mikononi mwa makoti ya watoto,
arobaini na moja.
Orodha ya shule ilikuwa na majina arobaini na mawili;
Mwalimu Halszka hakupata moyo wa kulifuta moja.
Kisha mama yake akaja na koti, akaliweka mezani, akaondoka.
Nikashona arobaini na mbili.

Kitambaa kile hakina mwanga wake.
Huazima mwanga wa gari, kisha huurudisha.
Hilo tu. Lakini dereva akiona taa zake mwenyewe
zikimrudia gizani zikiwa na kimo cha mtoto,
mguu hutafuta breki kabla ya akili.

Ijumaa ya tatu alikuja afisa wa wilaya,
soksi zimelowa theluji, mkoba kifuani.
Akasoma takwimu. Akasema kwa hesabu za juu
mahali hapa hapajafikia idadi.
Zdzisław mfuga nyuki, ambaye sikio lake moja limekufa,
akauliza: idadi ya nini?
Akauliza tena, kwa sauti ya asiyesikia:
Idadi ya nini?
Afisa akatazama viatu vyake.
Hakuna aliyemsaidia kujibu.

Ijumaa ya tano, nikiwa katikati ya mistari myeupe,
taa zilinipiga usoni. Nikakinga macho,
nikamwona Ireneusz, shemeji yangu, juu ya usukani,
mtu anayelipwa kwa saa na kukatwa kwa saa.
Akashusha kioo. Nikajiandaa kwa maneno.
Akazima injini.
Akashuka na fulana yake ya manjano,
akasimama kando yangu akipuliza vidole.
"Haya, twende wapi?"
Hapa pana njia mbili tu, Irek.
Kwenda na kurudi.

Taa ziliwekwa Aprili. Mlingoti umepinda kidogo,
kitufe hugoma asubuhi za baridi.
Watoto hukibonyeza hata kama hawavuki.
Hatuwakemei.

Koti la arobaini na mbili liko kwa mama yake Ksawery,
msumarini, nyuma ya mlango.
Usiku kila gari linapokata kona
mwanga hupita dirishani,
na koti hujibu.