Kitako cha Gorogoro

Mkesha wa mwaka, kanisani Maweni,
Mchungaji Mwagandi aligawa vikaratasi
na kalamu nne kwa watu sitini.
"Andika azimio lako," akasema. "Bwana anasoma."
Nikingoja zamu yangu ya kalamu
nilifungua pochi kutafuta miwani,
nikakuta karatasi ya mwaka jana
imekunjwa mara nne, inanuka vitunguu.

Moja: nitafunga kila Ijumaa.
Mbili: nitamsamehe shemeji yangu Dhahabu.
Tatu: nitatoa fungu la kumi bila kupunguza.
Ya nne ilifutika. Nikashukuru.

Ijumaa nilifunga mbili. Ya tatu palikuwa na matanga,
na wali wa matanga haukataliwi.
Dhahabu nilimsamehe mwezi wa pili,
nikamchukia upya mwezi wa nne, kwa kosa lile lile.
Fungu la kumi nilitoa. Kweli nilitoa,
bahasha yenye jina langu, shilingi kwa shilingi,
na ndilo lililonichoma usiku ule
kuliko yote niliyoshindwa:
nilimtolea Mungu sehemu ya kumi
ya maharagwe ya watu.

Nieleze. Nauza nafaka soko la zamani, Malindi.
Miaka mitatu iliyopita
nilimpelekea Kenga, fundi wa majiko, gorogoro yangu,
akaibonyeza kitako kwa nyundo,
si sana, vidole viwili kwenda juu.
"Kila mtu anafanya," akasema. Nikamlipa hamsini.
Tangu siku hiyo kila aliyenunua kwangu
alibeba upungufu wa ngumi moja,
akaenda nao nyumbani, akaupika,
akawapakulia watoto.

Kalamu ikanifikia. Nje, fataki za mahoteli ya Kasuarina
zilianza kabla ya saa, watalii hawana subira;
mabati yakatetemeka, kitoto cha mtu kikalia.
Nikaandika *Nita*
nikasimama hapo hapo.
Hiyo *nita* naijua. Januari ina miguu mirefu,
Machi inachechemea,
Juni ukiulizwa habari zake unasema, nani?
Nikaikata. Nikaandika: *Bwana, kitako.*
Nikatia kapuni kabla sijaipamba.
Atakayesoma na acheke.

Tarehe mbili niliibana gorogoro magotini
nikaigonga kwa mchi kutoka ndani.
Bati halikurudi kama lilivyozaliwa.
Lilitoka na makunyanzi, na uvimbe upande mmoja.
Tena toba, kumbe, ina kelele:
safu nzima ya wauzaji iligeuka.
"Unatuharibia," alinong'ona jirani yangu wa viazi.

Kache wa Muyeye akaja na kikapu chake.
Nikampimia, nikamwongezea konzi moja,
na ya pili, na mkono ulikuwa bado unarudi guniani.
Koo lilinikauka kama kokwa la mbaazi.
"Kache, hii gorogoro..."
"Najua," akasema, akikaza fundo la leso.
"Tangu lini?"
"Tangu mume wangu alazwe.
Ulinikopesha miezi mitano, hukunidai.
Ile ngumi nikaihesabu kuwa riba."

Akaenda zake.
Nilibaki na konzi ya maharagwe mkononi,
sijui niirudishe wapi.

Mwezi huo bahasha yangu ilikuwa nyepesi,
niliitumbukiza haikutoa sauti.

Sasa ni Machi. Dhahabu bado.
Ijumaa nimefunga moja, na nusu ya nyingine.
Lakini kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza,
natia mkono ndani ya gorogoro
na kupapasa kitako taratibu,
kama mama anavyopapasa paji la mtoto
kujua kama homa imerudi.