Gramu Moja na Robo

Bahasha nimeilipia ushuru posta ya Mtwara,
nikaificha ndani ya mfuko wa salfa
Somoe asije akaigeuza mabati.
Sasa usiku. Mlango nimefunga kwa komeo.
Balbu, meza ya kulia, na mizani ya sonara
niliyonunua Chikongola, sahani zake kama kope.

Sarafu ya Tiro.
Upande mmoja Kaisari, shingo nene,
jicho la mtu anayedai kodi.
Upande wa pili tai, mbawa wazi,
na katikati ya miguu yake, padogo kama punje ya mtama,
kome.

Kome! Huyu huyu anayeokotwa Mikindani maji yakipwa,
akachemshwa kwa nazi.
Watu wa Tiro walimkamua rangi ya zambarau;
Rumi ilipowakalia
walimpa Kaisari uso mzima,
wakabakiza kome.

Bibi yangu naye alibakiza.
Senti ya tundu ya Mwingereza aliitia uzi,
akanivika shingoni nisipatwe na degedege.
Mfalme hakumhusu. Alilitaka tundu.

Ninayo ya Beruti pia: mtu na ng'ombe wawili
wanalima mpaka wa mji mpya.
Shamba lilikuwa la nani, haikuandikwa.
Za Arado mbili zimefutika. Nazijua kwa kidole.

Napima.
Muuzaji aliandika kumi na tatu na nusu.
Mizani inasema kumi na mbili na robo.
Nikachukua kalamu: Bwana, nimeibiwa,

na kidole gumba cha mguu kikanicheza.

Miaka kumi na tisa, karani wa mizani, ghala la Nanguruwe.
Kidole hicho kiliinua jukwaa kidogo tu,
kilo mbili kwa gunia, mkono wangu ukiandika vizuri.
Mama Nandonde alisukuma baiskeli tangu alfajiri.
“Nyumbani zilikuwa themanini,” alisema.
“Korosho hukauka njiani, mama.”
Akaikunja risiti mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kanga
kama mtu anayetunza kitu cha thamani.

Fedha nayo, basi, imekauka njiani.
Kutoka Tiro ni mbali.

Kalamu nimeiweka.
Somoe anagonga: “Umejifungia na nani humo?”

Na mama Nandonde, nasema.