Matundu Sita Mgongoni

Ana matundu sita mgongoni
na hakuna hata moja linalosema.
Ndicho kitendawili alichonitegea baba
Jumapili, huku Punta Arenas, upepo ukitikisa mabati
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Televisheni tuliinunua kule kusikotozwa ushuru,
mama akipima kwa kunyoosha mikono dukani:
"Hii. Inanijaa kifuani."
Picha ni safi hadi leo, unaona hata chunusi za msoma habari.
Sauti ndiyo iliyokwenda.
Ikakohoa, ikanong'ona,
kisha zikabaki namba tu kwenye kioo, zikipanda,
ishirini, arobaini, mia,
na kimya ni kilekile.

Nikaleta saundiba,
nyeusi, nyembamba, kama rula ya mwalimu mkali.
Baba akaigeuza. "Mbona haina uso?"

Nikapiga magoti nyuma ya meza, simu nimeing'ata, tochi yake inawaka.
Tundu la mwanga lilipaswa kuwa na chembe nyekundu ndani,
kama ncha ya sigara gizani.
Nikachungulia: vumbi, na unywele wa paka
aliyekufa miaka miwili iliyopita.
Lile pana, ambalo kitabu cha maelekezo kinaliapia,
likaandika: Hakuna kifaa.
Nami kifaa ninacho mkononi!
Nikachomoa, nikazima, nikahesabu hadi sitini, nikawasha.
Hakuna kifaa.

Don Mirko, jirani, akaingia na chupa yake
na mlango akauacha wazi kidogo, kama kawaida yake.
Kwanza akaizaba televisheni kofi.
("Redio ya marehemu baba ilikuwa inaelewa.")
Kisha akasema tununue mpya.
Halafu, akiwa amekwisha kukaa, akauliza:
"Kwani hizo habari huwa zinaingilia wapi?"

Kwenye king'amuzi.
Basi kwa nini sauti ilazimike kupitia kwa mgonjwa?
Nikaing'oa kebo, nikaichomeka kwenye saundiba,
na kebo ya pili ikabeba picha peke yake hadi kwenye kioo.

Sebule ikalipuka.
Mtu alikuwa anauza magodoro kwa sauti ya nabii.
Baba akashika mikono ya kiti.
Midomo ilibaki nyuma, maneno yalitangulia;
nikaichelewesha sauti kwa rimoti, chembe kwa chembe,
mpaka yule mtu na godoro lake wakakutana.
Don Mirko akajimiminia.

Ningeishia hapo. Lakini baba aliingia chumbani
akarudi na flashi ya rangi ya machungwa, imefungwa uzi wa sufu.
"Sasa weka hii."

Flashi haina king'amuzi. Inaingia ubavuni mwa bubu mwenyewe.
Tundu la saundiba linajua nyimbo tu, video linazikataa.
Nikaichomeka, nikijua.

Mama akatokea jikoni, unga hadi kwenye viwiko,
akageuka, akatuona, akafungua mdomo.
Kimya.

Lilibaki tundu moja, la visikilizio, lililolegea.
Nikasukuma pini, nikaikaza kwa kijiti cha kiberiti.
Upande wa kushoto wa saundiba ukakwaruza,
ukatoa kitu kama "la—"
ukafa.
Nikabonyeza tena. Nikapinda waya. Nikamtukana fundi
ambaye sijawahi kumwona, wa nchi nisiyoijua.

"Acha," baba akasema.
Alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yanagusa meza.
"Anasema: funga mlango, Nolberto, keki itabonyea.
Mimi ndiye niliyeshika kamera. Niliingia na upepo."

Mama akasema tena, kwa midomo, amekunja uso.

Baba akainuka, taratibu, akampita Don Mirko,
akaenda kuufunga mlango.
Mimi nilibaki chini nyuma ya meza,
nimekibana kile kijiti kwa kidole gumba,
labda.