Saa ya Skaidrīte

Valmiera, Februari, theluji imepanda hadi dirishani.
Skaidrīte amenipokea na kandambili mkononi:
"Vua viatu. Barua zangu zimegoma."

Kwenye kioo, kijisanduku cha kijivu:
Seva haiaminiki. Jaribu tena?
Anabofya Ndiyo. Kinarudi. Anabofya Ndiyo.
Siku ya kumi na moja leo, asema,
kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wenye deni.

Nikaanza na yale tunayoanza nayo sote:
kuzima, kuwasha.
Nywila ameiandika kwenye kifuniko cha mkebe wa chai,
herufi ya saba imefutika kwa kidole.
Tukaikisia. Ikakubali.
Lango la kupokea, lango la kutuma,
namba zake nikazisoma kwa sauti; zote sawa.
Nikailaumu kinga ya virusi, nikaizima.
Haikuwa na hatia.
Nikaomba chai.

Jikoni dada yake Mirdza, mgeni tangu Jumapili,
alikuwa akikohoa, kikohozi cha kuburuta kabati.
Ndipo jicho langu likashuka pembeni mwa kioo,
pale chini tusipopaangalia:
tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.

Betri, ndogo kama kifungo cha koti, ilikuwa imekufa.
Kila usiku yeye huchomoa waya kubana umeme,
na kila asubuhi mashine iliamka mwaka uleule,
ikakitazama cheti cha seva, ikasema:
hiki hakijazaliwa bado.
Ikafunga mlango kwa uaminifu wake wote.

"Elfu mbili na tisa," Skaidrīte akasema. "Tulikuwa na mbwa."
Akanyamaza.
"Mwizi wa soseji."

Nikaing'oa betri kwa ncha ya kisu cha siagi,
nikatia mpya, nikaivusha saa miaka yote ile kwa pumzi moja.
Barua kumi na saba zikaondoka zikifuatana,
hakuna hata moja iliyoomba radhi.

Jikoni simu ya Mirdza ikalia.
Miwani ikatafutwa kwanza. Kisha akasoma polepole:
"Usije Jumapili hii. Nina mafua mabaya, siwezi hata kusimama."

Kimya.
Kikohozi.
Kisha kijiko, kikikoroga kwa nguvu kuliko sukari inavyohitaji.

Skaidrīte, buheri wa afya, akaliangalia zulia,
akaiangalia betri kuukuu kiganjani mwangu,
akaninong'oneza
kama naweza kuirudisha.