Kopo la Nyaya

Kwanza ilikuja sauti kwenye simu,
dakika tatu, daktari asiye na jina wala hospitali:
sidiria ya waya inaziba njia za sumu,
nyeusi inavuta jua, hiyo ndiyo mbaya zaidi.
Kufika Ijumaa Kirumba nzima inajua.

Wakaniletea. Mia tano kwa moja.
Nachana pindo kwa wembe, navuta,
waya unatoka umepinda kama mwezi mwandamo,
natumbukiza koponi: kling.
Wauza dagaa wa Mwaloni, mwalimu wa Kitangiri,
bibi harusi na mama mkwe wake, kwa zamu.
Mimi sikuuliza. Kodi ya chumba ilikuwa imefika,
na tangu lini fundi akamkanya mteja?
Kopo la samli likajaa. Nikaleta la pili.

Minza alileta sita, zote nyeusi.
Akalipa kwa noti zenye magamba ya dagaa,
akashusha pumzi kama aliyetua gunia.
"Sasa nimesalimika, fundi."

Mwezi wa nne akarudi na kitenge, anataka gauni.
Nikazungusha futi kifuani,
na karibu na kwapa la kushoto, juu ya blauzi nyepesi,
kidole changu kikagota kitu,
kigumu kama kokwa ya zambarau.
"Hiki nini?"
"Kipo tangu Krismasi. Hakiumi.
Na si nilishatoa waya?"

Kling. Nikayasikia makopo yote mawili kichwani.

Nikafunika cherehani saa nne asubuhi.
Tukakipanda kilima cha Bugando kwa miguu,
yeye mbele, mimi nyuma na mkoba wake,
ziwa likizidi kushuka mgongoni mwetu.

Sista Bhoke aliuliza mengi:
umri, mama alifariki kwa nini, mashangazi je,
mtoto wa kwanza ulimzaa lini, pombe unakunywa?
Nikangoja. Waya hakuuliza.
Nikauliza mimi, koo limenikauka.
"Waya?" Akaweka kalamu chini.
"Waya unachubua ukitokeza, basi.
Saratani haisomi lebo ya nguo, mama.
Kibaya ni hicho kilichomchelewesha."
Hakunitazama aliposema. Au alinitazama.

Makopo bado yapo chini ya meza.
Masunga wangu alichukua chache, akaundia gari.
Wateja wengine wamerudi, wanataka nyaya zao;
narudishia bure, nachanganya jozi, vidole vinatoboka.
Wengine hawajarudi.
Wana sauti mpya: safari hii ni chupi nyekundu.

Minza alikuja Jumanne, kilemba kipya kichwani.
Akatandaza moja ya zile sita mezani.
"Kulia nirudishie waya wangu.
Kushoto nishonee mfuko, nitajaza pamba."
Nikauliza, pamba kiasi gani,
macho yangu kwenye sindano.
Akacheka kile kicheko cha Mwaloni,
cha kupigania bei:
"Pima, fundi. Si una futi?"